Baraza la Mawaziri la Mseto: Nani Hubaki wa Kuuliza?



Mmetuomba tuzungumze juu ya namna baraza la mawaziri la serikali ya mseto linavyoundwa. Chimbuko la ombi hilo twalijua. Tangu Julai 2024, Rais William Ruto alipolivunja baraza lake baada ya maandamano ya vijana, kisha akawaingiza serikalini viongozi wa ODM, wengi wenu mmekuwa mkisema kwamba haya mliyaona 2008. Mliyaona, lakini si yote. Hebu basi tuanzie huko.

Hakuna haja ya kuwasimulia yaliyofuata tangazo la matokeo ya urais la tarehe 30 Desemba 2007. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na miongoni mwa waliokufa wamo waliochomwa ndani ya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, siku ya Mwaka Mpya. Tarehe 8 Januari 2008, maiti zikiwa bado hazijazikwa, hayati Rais Mwai Kibaki aliwatangaza mawaziri 17 na kumfanya Kalonzo Musyoka Makamu wa Rais. Viti vingine vilibaki wazi. Kwa maoni yetu, tangazo lile lilichochea moto, kwa sababu lilimwonyesha mwananchi kwamba mezani mlikuwa mmekwisha kupakuliwa kabla ya majirani kupatanishwa.

Mapatano yalikuja tarehe 28 Februari, Kibaki na hayati Raila Odinga walipotia sahihi nje ya Harambee House mbele ya Kofi Annan na Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania. Mwezi uliofuata Bunge likayageuza kuwa sheria. Sheria hiyo iliunda cheo cha Waziri Mkuu na manaibu wake wawili. Ilisema kwamba baraza lilingane na nguvu za vyama bungeni, na kwamba wizara zigawanywe kwa uwiano. Halafu ikaweka sharti moja ambalo wengi hawakulitilia maanani: waziri aliyependekezwa na chama asiondolewe mpaka kiongozi wa chama hicho ashauriwe na akubali kwa maandishi.

Wenye kuhesabu sadaka mtatuelewa upesi. Lile lilikuwa kasha la kufuli mbili, na kila mzee ana ufunguo wake. Kufuli mbili hulinda kasha lisiporwe na mmoja. Lakini wazee wakinuniana, kasha halifunguki, hata kama ndani yake kuna kitu kinachooza.

Kisha ukaja ugavi. PNU ilitaka mawaziri 44, ODM ikataka 34, na wakakutana kwenye 40. Wiki zikapita wakivutana, hadi vijana wa Kibera wakarudi barabarani mwezi wa Aprili. Wakuu wawili wakajifungia katika ikulu ndogo ya Sagana, na Jumapili ya tarehe 13 Aprili orodha ikasomwa. Ili vipatikane viti 40, wizara zilipasuliwa kama kuni. Afya ikawa wizara mbili: tiba kwa Profesa Anyang' Nyong'o, afya ya umma kwa Beth Mugo. Kwa hiyo mbu alikuwa wa wizara moja, na homa aliyoiacha ikawa ya wizara nyingine. Kilimo, mifugo na uvuvi vikapata mawaziri watatu. Barabara, ujenzi wa umma na uchukuzi vikapata watatu pia. Ongezeni mawaziri wasaidizi wapatao 50, kila mmoja na ofisi yake na gari lake, katika Bunge la viti 222. Zaidi ya theluthi moja ya wabunge wakawa watu wa serikali.

Na uwiano? Fedha, Usalama wa Ndani, Ulinzi, Mambo ya Nchi za Nje na Haki vilibaki upande wa Rais. ODM walipata Kilimo, Ardhi, Barabara, Serikali za Mitaa. Si wizara ndogo hizo, ila aliyeshika hazina na polisi hakubanduka.

Tazameni sasa jinsi kasha lile lilivyokwama. Februari 2009 serikali ilipeleka bungeni mswada wa kuunda mahakama maalum ya kuwashtaki waliopanga ghasia. Rais aliuunga mkono, Waziri Mkuu aliuunga mkono, lakini baadhi ya mawaziri wao wenyewe waliupinga, ukaanguka. Miezi miwili baadaye ikawa zamu ya ugomvi wa nani awe kiongozi wa shughuli za serikali bungeni. Rais alimtaja Kalonzo, Waziri Mkuu akajitaja mwenyewe, na Spika Kenneth Marende akalazimika kuikalia kamati ya shughuli za Bunge yeye mwenyewe. Tarehe 14 Februari 2010 Waziri Mkuu alitangaza kuwasimamisha kwa miezi mitatu William Ruto wa Kilimo na Sam Ongeri wa Elimu, ili sakata za mahindi na fedha za shule zichunguzwe. Siku iyo hiyo Rais akasema Waziri Mkuu hana mamlaka hayo. Wote wawili walikana kosa, nasi hatukuja hapa kuwahukumu. Tunachouliza ni hiki: mzazi ambaye fedha za shule ya mwanawe zilikuwa hazionekani, angemwendea nani? Wa chama hiki walikuwa serikalini, na wa chama kile walikuwa serikalini.

Kwa upande mwingine, kumbukeni Julai 2008. Wabunge wa nyuma walipitisha hoja ya kutokuwa na imani na Waziri wa Fedha, Amos Kimunya, kuhusu kuuzwa kwa hoteli ya Grand Regency, naye akang'atuka siku chache baadaye. Tume ikamtakasa, akarudi barazani mwaka uliofuata katika wizara nyingine. Lakini jibu lilitolewa hadharani, kwa kuwa palikuwa na watu wasiokuwa mezani.

Watu wa mahemani nao? Mwezi Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani, shilingi 10,000 kwa jamaa, na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Kwa shilingi 25,000 mtu hajengi nyumba, wala hakuna waziri aliyelazwa kwenye hema hadi ijengwe. Wako waliokaa chini ya turubai kwa miaka.

Hata hivyo haki itendeke kwa mseto ule. Ulizima vita, na ndio uliotufikisha kwenye Katiba ya 2010. Katika ukumbi huu wapo waliopiga kura ya La tarehe 4 Agosti mwaka huo kwa ushauri wa makanisa yao, nasi hatutaki kuufufua ubishi huo. Ila kifungu cha 152 hatujamsikia anayekilaumu: mawaziri wasipungue 14 wala wasizidi 22, wasiwe wabunge, na Bunge liwapige msasa kwanza. Kifungu hicho kilitokana na uchungu wa vile viti 40.

Turudi sasa kwenye 2024. Safari hii hapakuwa na sheria ya mapatano wala sharti la maandishi. John Mbadi, mwenyekiti wa ODM, alipewa Hazina. Hassan Joho na Wycliffe Oparanya, manaibu wa kiongozi wa chama, walipewa wizara. Opiyo Wandayi alipewa Kawi, naye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wachache bungeni, yaani mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuiuliza serikali. Waraka wa hoja kumi kati ya Rais na Raila ulitiwa sahihi tarehe 7 Machi 2025, miezi kadhaa baada ya viti kukaliwa. Kwa mujibu wa Katiba Rais aweza kumfuta waziri bila kumwomba mtu ruhusa. Kasha la 2008 lilikuwa na kufuli mbili zilizokwama, na hili lina ufunguo mmoja, nao u mfukoni mwa mtu mmoja. Lililo sawa katika miaka yote miwili ni kwamba benchi la kuuliza lilipungukiwa na watu.

Kabla ya uchaguzi wa 2027 wagombea watapita katika makanisa yetu na kuahidi miungano. Msiwaulize nani atapewa nini, maana hilo watalisema wenyewe bila kuulizwa. Waulizeni kama mapatano yao yameandikwa, nani atayaona, na ni nani kati yao atakayebaki nje kuikagua serikali.

Leo, wanakamati watagawa karatasi mlangoni. Kila jumuiya ndogo ichague wizara moja, iandike swali moja kwa mbunge wake, na jibu litakaloletwa lisomwe katika mkutano ujao. Mbunge asipojibu, isomwe tarehe swali lilipopelekwa.