Mbwa wa Nyuma ya Geti



Pitia mitaa ya Mikocheni au Njiro, ukivuka mpaka kuingia Kenya pitia Karen, usome mageti. Bango la mbwa mkali halikosekani. Nyuma ya bango hilo mara nyingi pana banda la mabati au la mbao, upana wake hatua mbili tatu, na ndani ya banda yumo mbwa anayeshinda humo kutwa nzima. Usiku, geti likishafungwa, hufunguliwa azunguke uani. Alfajiri, kabla wageni na wafanyakazi hawajaanza kuingia, hurudishwa bandani. Mbwa huyu hulishwa, na pengine amechanjwa. Kitu kimoja hajawahi kupewa: mwendo wa nje ya geti. Hicho ndicho ninachokuja kukitetea leo. Nasema kwamba kwa mbwa mazoezi ni sehemu ya lishe, na kwamba anayemjazia mbwa sahani kila jioni bila kumtembeza anamnyima nusu ya chakula chake.

Wapo watakaosema kutembeza mbwa ni mambo ya Wazungu. Basi tuwaangalie mbwa wa Afrika. Katika misitu ya Kongo wawindaji wamefuga tangu zamani mbwa mdogo, mwepesi, mwenye mkia uliojikunja, asiyebweka kama wenzake. Kwa kuwa hasikiki, humfunga njuga ya mbao ili wajue alipo anapowakurupusha wanyama kuelekea kwenye nyavu. Miaka ya 1930 mbwa hao walipelekwa Uingereza, na leo wanajulikana duniani kwa jina la Basenji. Huku kwetu, mbwa wa mfugaji hutoka asubuhi na ng'ombe na kurudi nao jioni. Hakuna anayesema "namtembeza mbwa," kwa sababu mbwa na bwana wake wako njia moja. Kifua kirefu cha mbwa, miguu yake myembamba na ule mwendo wake wa mchakamchaka usiomchosha upesi vinayafaa maisha ya namna hiyo. Tulipohamia mjini tulimchukua mbwa, kazi yake tukaiacha kijijini.

Mwili usiotembea hauchelewi kulipiza. Misuli ya mapaja husinyaa, viungo hukakamaa, na makucha hurefuka mpaka yakapinda kwa kukosa ardhi ya kuyasugua. Halafu unakuja unene. Mbwa wa mjini hula ugali, makombo ya mezani, mifupa na utumbo, chakula cha kumtosha mbwa anayekimbia kutwa, kisha analala. Akihasiwa, jambo ninalolishauri, mahitaji yake ya nishati hupungua, lakini sahani hubaki ileile. Mwaka 2002 ulichapishwa nchini Marekani utafiti uliowafuata mbwa 48 aina ya Labrador maisha yao yote. Waligawanywa wawili wawili, mmoja akapewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake. Waliobaki wembamba waliishi miaka 13.0, wenzao 11.2, na maradhi ya viungo yaliwachelewa. Utafiti ule ulipima chakula, haukupima mazoezi, lakini unatuonyesha gharama ya mafuta mwilini, na mwendo ni mojawapo ya njia mbili za kuyazuia. Huhitaji mizani kumjua mbwa wako. Mpapase ubavuni: mbavu zihesabike kwa vidole bila kubonyeza sana, na ukimtazama kutoka juu kiuno kionekane. Ukizitafuta mbavu ukazikosa, amezidi.

Madhara ya akili ndiyo yanayonihuzunisha zaidi, maana mwenye mbwa huyaona kila siku akayaita tabia. Mbwa anazunguka banda kwa njia moja, mkono uleule, mpaka ardhi inachimbika. Anafukuza mkia wake. Anabweka kila jani linapoanguka. Anaramba kifundo cha mguu hadi manyoya yanakwisha, ngozi inachubuka na kidonda kinakuwa sugu. Kama daktari wa wanyama, nimeletewa mbwa wa namna hiyo, wameshapakwa kila dawa ya ngozi iliyoko dukani, na kila dawa ikarambwa. Tukishaondoa kupe, utitiri na mzio kwenye hesabu, mara nyingi hubaki sababu moja: mnyama hana la kufanya. Hapo cheti changu cha dawa huwa na kamba, kola, na saa ya kutoka nje.

Na atokapo, tusimkokote. Matembezi ya mbwa ni ya pua kuliko ya miguu. Anaposimama kwenye nguzo ya umeme na kuinusa kwa makini, anasoma nani kapita, lini, dume au jike. Mnyima hilo, naye atarudi amechoka miguu huku kichwa kikiwa kitupu. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, na dunia imewavulia kofia. Sisi tunaye majumbani mnyama mwenye pua ya ajabu, tumemwachia harufu ya banda lake mwenyewe.

Sasa niseme kuhusu joto, kwa sababu ushauri mwingi unaosomwa na wafugaji wetu umeandikwa kwa nchi za baridi, na ukifuatwa Dar es Salaam au Mombasa utaua. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Hatoki jasho kama sisi isipokuwa kidogo kwenye nyayo, hivyo hujipoza kwa kuhema, akikausha unyevu wa ulimi na wa njia ya hewa. Hewa ya pwani ikijaa mvuke, kama mwezi Machi kabla ya masika, unyevu huo haukauki. Mbwa anahema na hapoi. Joto la mwili likipita nyuzi 41 ubongo, figo na utumbo huanza kuharibika. Kwa hiyo mtoe saa kumi na mbili asubuhi, au jioni jua likishazama. Weka kiganja juu ya lami: ukishindwa kukiacha hapo, nyayo zake nazo hazitaweza. Mbwa wa pua fupi, kama Bulldog na Pug, wasikimbizwe kamwe wakati wa joto, kwa kuwa njia yao ya hewa ni finyu tangu kuzaliwa. Ukimwona mbwa anayumba, ute umekuwa mzito mdomoni na ufizi umeiva kwa wekundu, mwagie maji mwili mzima papo hapo, mpepee, ndipo umkimbize kwa daktari.

Kwa mbwa mzima mwenye afya, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni inatosha kuanzia. Mtoto wa mbwa atembee kidogo na acheze sana, asirukishwe ngazi wala kuta, kwa sababu mifupa ya mbwa wa aina kubwa haikomai kabla ya mwaka mmoja na zaidi. Mzee atolewe mara nyingi kwa muda mfupi. Na mbwa ambaye hajawahi kuvuka geti asitolewe siku ya kwanza kwa kamba hadi barabarani. Mzoeshe kola, kisha kamba uani, kisha nje ya geti kabla mtaa haujaamka.

Jirani naye ana haki yake. Mbwa asiyechanjwa kichaa cha mbwa asivuke geti. Vifo vingi mno vya binadamu kwa ugonjwa huu duniani hutokana na mbwa, na chanjo ipo. Kinyesi kiokotwe, kwa maana minyoo yake hupenya nyayo za watoto wanaocheza mchangani. Kumfungulia mbwa azurure mtaani hakuhesabiki kuwa mazoezi. Mbwa azururaye hueneza maradhi: mwaka 1994 ugonjwa wa homa ya mbwa, uliohusishwa na mbwa wa vijiji jirani, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Wengi mlio hapa ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, nami naheshimu hukumu yake kwamba mate ya mbwa ni najisi. Ndiyo maana kamba iwe fupi, na mwenye mbwa ndiye apishe njia. Lakini dini hiyohiyo imemruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda, na katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim imo habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha atoke ajitafutie. Sisi tunaishika ile njaa na kusahau kule kufungiwa.

Na kwa kuwa tumemtaja paka, naye anahitaji maneno machache tu. Yeye ni mviziaji, nguvu zake ni za mruko mmoja, na sehemu kubwa ya siku hulala. Kwa anayekaa ghorofani, dakika chache za kuvizia uzi, mara kadhaa kwa siku, zinamfaa, mradi mwisho aruhusiwe kuukamata. Dume mnene asiyetoka ndiye tunayemwona mara kwa mara njia yake ya mkojo ikiwa imeziba, na hiyo ni dharura.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Kenya ilipata yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama miaka ya 1960. Hakuna sheria itakayoingia kila ua saa kumi na mbili asubuhi na kushika kamba, wala si haki kumwachia mlinzi au dada wa kazi jambo hili bila kumfundisha wala kumlipa. Mwenye mbwa ndiye atembee. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Nusu saa na mbwa kwa siku tano inazitimiza. Na asiye na nusu saa hiyo, namwomba asifuge mbwa. Aweke taa, aimarishe ukuta, aajiri mlinzi.