Jaji Aliyetolewa Kitini Pake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu wa Shinyanga na Geita, mnaotusikiliza misikitini na majumbani, tumche Mungu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimama na uadilifu hata kama utatuumiza sisi wenyewe, wazazi wetu na jamaa zetu. Amri hii ni nzito. Leo tunaitazama katika mambo yaliyotokea ng'ambo ya ziwa letu.

Benedicto Kiwanuka alikuwa Mkatoliki, na Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Mwaka 1971 Idi Amin alimtoa kizuizini, kisha akamfanya Jaji Mkuu. Septemba 1972 lilimfikia shauri la Mwingereza aliyeshikwa na askari bila ya mashtaka. Siku hizo Waingereza walichukiwa mno na Serikali ile. Hata hivyo Jaji aliamuru mtu huyo aachiliwe, kwa kuwa askari hawakuwa na haki ya kumzuia. Tarehe 17 wafuasi wa Obote wakavuka mpaka kutoka Tanzania kwenda kumpiga Amin, na mwenye kusema neno la haki akahesabiwa msaliti. Tarehe 21 wenye silaha wakamkamata Jaji ndani ya Mahakama Kuu, Kampala. Hakurudi. Sheria ilikuwa na njia yake ya kumwondoa jaji, nayo haikufuatwa.

Na tuseme kweli: Amin alikuwa Mwislamu, na wapo miongoni mwetu waliomtetea kwa jina hilo tu. Aya ile haikutupa ruhusa hiyo.

Wala tusiwanyoshee kidole majirani peke yao. Mwaka 1976, humu humu Shinyanga, na Mwanza ambamo Geita ilikuwamo wakati huo, watuhumiwa wa mauaji waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumgusa mtu kwa mkono wake. Lakini mwaka 1977 alijiuzulu. Yawezekana kati ya waliokufa walikuwamo wenye hatia. Kulijua hilo ilikuwa kazi ya hakimu, naye hakuletewa watu hao wakiwa hai.

Je, akishikwa usiku huu kijana wa jirani tusiyempenda, ni nani kati yetu atakayekwenda kuuliza ameshtakiwa kwa kosa gani?

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi nanyi.