Chenga za Mawe Zisitupwe



Katika karne ya 19 wapagazi walitembea kwa miguu baina ya Bagamoyo na Unyanyembe, Tabora. Walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi bara na mitumba ya nguo na shanga. Leo anayetaka sakafu nzuri Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, aghalabu huagiza vigae. Na hata vile vinavyotengenezwa nchini, katika viwanda vya Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani, hufuata mkondo ule ule wa misafara.

Jambo hili lastaajabisha, kwani Unyamwezi imekaa juu ya mwamba wa itale, yaani granaiti. Kila panapopasuliwa kokoto hubaki chenga ambazo mwashi hazihitaji, nazo huachwa chungu chungu hadi zifunikwe na majani.

Chenga hizo ni malighafi ya terazo. Mafundi wa Venice, nchini Italia, waliiendeleza karne nyingi zilizopita kwa kutumia mabaki ya marumaru yaliyotoka katika ujenzi wa majumba ya matajiri.

Kazi yenyewe haina siri. Chenga huchekechwa na kuoshwa, zikachanganywa na saruji, takriban sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 2 za chenga. Mchanganyiko humwagwa sakafuni, ndani ya miraba iliyotengwa kwa vipande vyembamba vya shaba au kioo ili nyufa zisienee. Au katika kalibu, ikiwa kinachotakiwa ni uso wa meza. Hunyweshwa maji kwa muda wa wiki moja hivi, kisha husagwa, matundu yakazibwa kwa saruji, na mwisho hung'arishwa kwa nta.

Hata hivyo, mambo mawili yasifichwe. Kwanza, itale ni gumu kuliko marumaru, hivyo kulisaga kwahitaji mashine. Fundi mmoja huenda asiimudu, kikundi chaweza. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Pili, vumbi la itale lina silika, ambayo huharibu mapafu yasipone tena. Kwa hiyo jiwe lisagwe kwa maji, kamwe si likiwa kavu, na mfanyakazi avae barakoa.

Mtumishi anayetayarisha makisio ya ujenzi wa darasa au zahanati hana budi kulinganisha gharama ya terazo na ya vigae, pamoja na nauli yake. Mwalimu naye aweza kuwaongoza wanafunzi kutengeneza uso wa meza moja, wakajionea wenyewe. Fedha ambayo ingelipia safari ya vigae itakuwa ujira wa kijana wa Uyui.

Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.