KIPIMO CHA BUSTANI NI NDOO
Mazungumzo juu ya kulima chakula nyumbani, kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba



Mtu anayeanza kulima chakula nyumbani kwake aghalabu huanza wakati wa mvua. Ardhi huwa laini, mbegu huota bila ya taabu, na mboga za wiki za mwanzo humtia moyo hata akaongeza matuta. Mvua ikikatika mchicha hunyauka, jembe hurejeshwa ukutani, na watu wa nyumba hiyo hurudi sokoni katika miezi ileile ambayo mboga huadimika na bei kupanda. Mazungumzo haya yanahusu njia ya kuuepuka mwisho huo. Mfano wake umechukuliwa mbali na bahari, nao ni Usoke, katika Wilaya ya Urambo, Mkoa wa Tabora.

Usoke inastahili kutazamwa kwa sababu ya kiangazi chake. Mvua za Tabora huja kwa msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili hivi. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua ni nadra, na ardhi ya kichanga ya sehemu nyingi za huko haihifadhi maji. Visiwani kuna masika na vuli, na katikati yake manyunyu hayakosekani kabisa. Kwa hiyo anayekula mboga ya uani kwake Usoke mwezi wa Septemba ana la kumfunza mkaazi wa visiwani anayeshindwa na jua la Januari.

Nchi hiyo si ngeni kwa watu wa visiwani. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, ikielekea Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na safari ilichukua miezi. Hapana msafara ulioweza kubeba chakula cha njia nzima. Uhai wake ulitegemea vijiji vilivyokuwa na ziada ya kuuza. Burton na Speke walipofika Tabora, Novemba 1857, walikuta wafanyabiashara wa asili ya Oman na Pwani wamekwisha kujenga makaazi yao. Wafanyabiashara hao walilima vitunguu, mpunga na ngano, na miembe mikongwe ya Tabora na Ujiji hadi leo hutajwa pamoja na habari za njia hiyo. Watu hao walikuja kwa biashara, lakini walifahamu kuwa mfanyabiashara asiye na chakula karibu yake hawezi kukaa.

Baadaye ilikuja reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na Usoke ikawa miongoni mwa stesheni za njia hiyo. Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mpango huo uliachwa mwaka 1951 baada ya hasara kubwa, na baada yake Urambo ikageukia tumbaku, ambayo hata sasa ni zao kuu la biashara katika sehemu hizo.

Hapa ndipo penye shabaha ya mazungumzo haya. Fedha ya tumbaku huja kwa msimu, baada ya masoko kufunguliwa. Jiko huhitaji mboga kila siku. Mkulima akitumia shamba lake lote na nguvu zake zote kwa jani lisiloliwa, atanunua chakula kwa fedha ya jani hilo, na fedha ikiisha kabla ya msimu mwengine watoto hula ugali mkavu. Mambo hayo yanajulikana Pemba pia, kwa kuwa mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka mwengine. Mtumishi wa Serikali naye hupokea mshahara mara moja kwa mwezi, na wiki ya mwisho ya mwezi ndiyo mtihani wake.

Jambo la kuzingatiwa ni kuwa mkulima wa tumbaku anao ujuzi wote wa bustani ya kiangazi. Miche ya tumbaku huoteshwa kitaluni kabla ya mvua, karibu na maji, wakati nchi imekauka. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo hupandwa kwa uangalifu, hufunikwa kwa nyasi na kumwagiliwa kila siku. Mkono unaoweza kazi hiyo unaweza kuotesha mchicha. Kinachohitajika ni kutenga sehemu ndogo ya maji na jitihada hiyo kwa ajili ya sufuria.

Sehemu hiyo inapimika. Mboga za majani katika jua kali huhitaji kiasi cha lita 4 hadi 5 za maji kwa mita moja ya mraba kila siku. Ndoo ya lita 20 basi inatosha tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 4. Anayeanza na ahesabu kwanza ndoo anazoweza kuchota kila siku kwa ajili ya bustani bila ya kuwachosha wa nyumbani, kisha apime ardhi. Ndoo mbili ni matuta mawili, hata kama ua ni mkubwa kama uwanja wa mpira. Maji yaliyooshea mchele na mboga yasimwagwe. Nayo yamo katika hesabu.

Wakati wa mvua tuta huinuliwa ili maji yapite. Wakati wa kiangazi hufanywa kinyume chake: sehemu ya kupandia huchimbwa ikawa chini ya usawa wa ardhi kwa kiasi cha upana wa kiganja, ili tone lisipotee pembeni. Samadi iliyooza vizuri huchanganywa na udongo, kiasi cha ndoo moja kwa kila mita moja au mbili za mraba. Samadi mbichi huunguza miche. Kumwagilia kufanywe asubuhi mapema au jioni, na udongo ufunikwe kwa nyasi kavu.

Kwa anayeanza, mimea mitatu inatosha. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne; mbegu zake zichanganywe na mchanga mkavu ili zisirundikane. Kunde hutoa majani kwanza na punje baadaye. Matembele hupandwa kwa vipande vya marando vya urefu wa mkono hadi kiwiko, huvumilia ukame kuliko mchicha, na chini yake huacha viazi. Ua uzungushiwe miiba au makuti kabla ya mbegu kutiwa ardhini, kwani kuku mmoja humaliza kazi ya mwezi kwa asubuhi moja.

Kwa nyanya, bilingani na pilipili, Usoke inatoa onyo maalumu. Mimea hiyo ni jamaa wa tumbaku, na magonjwa ya tumbaku, pamoja na minyoo ya mizizi, huyashiriki. Isipandwe katika kitalu kilichotoka tumbaku, na aliyeshika tumbaku aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche. Vyombo vilivyotiwa dawa za shambani visitumiwe kamwe kuchotea maji ya bustani wala ya jikoni.

Pamoja na kulima kuna kuhifadhi. Wanyamwezi, kama jirani zao Wasukuma, hukata viazi vitamu vibichi na kuvianika vikawa michembe, na vikichemshwa kwanza kisha vikaanikwa huitwa matobolwa. Majani ya kunde nayo hukaushwa kwa ajili ya kiangazi. Ziada ya Aprili huwa kitoweo cha Septemba, na wahenga walisema akiba haiozi.

Akiba ya mwisho ni mbegu. Katika kila tuta mimea mitatu au minne iliyo bora isichumwe kabisa, iachwe ikomae, na mbegu zake zikaushwe kivulini na kuwekwa katika chombo kikavu chenye kifuniko. Mwenye kula tuta lote hulazimika kununua mbegu msimu ujao, na bustani inayoanza kwa deni haidumu.

Wananchi wanashauriwa kuanza na tuta moja wiki hii, bila ya kungoja mvua, na kutoongeza la pili mpaka la kwanza limekwisha kuliwa mara tatu. Watumishi wanaokaa katika nyumba za Serikali zenye ua, na skuli zenye nafasi, wanaombwa wawe mfano. Njia ya misafara iliwafikisha watu Ujiji kwa sababu palikuwa na vituo vya chakula njiani. Nyumba nayo ina safari yake ya mwezi kwa mwezi, na kituo chake cha karibu ni uani.