Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Vijana wenzangu wa Ngara na Biharamulo,

Leo tuongee habari ya wageni wanaokuja kutusaidia. Wazazi wenu wengi wanakumbuka tarehe 28 na 29 Aprili 1994. Ndani ya saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda. Pale Benaco pakazuka mji mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania, ila hauna choo, hauna bomba!

Misaada ikaja mbio. Lakini jamani, msaada bila mpango ni vurugu. Serikali na UNHCR waligawa kazi: shirika hili maji, lile hospitali, jingine chakula. Wakimbizi wenyewe wakafundishwa kazi za afya, wakawa wanatembelea wenzao kutafuta wagonjwa. Na kwenye magonjwa ya zinaa, AMREF ilianza kwa kuwauliza na kuwapima watu kambini, ndipo tiba ikapangwa.

Miaka 20 hivi baadaye, jiji la Dar es Salaam lilipita njia kama hiyo. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria kwa sababu ya mafuriko. Benki ya Dunia ilikuwa kati ya waliosaidia. Lakini waliozunguka mitaani ni wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wa kata zenyewe. Unajua kwa nini? Mgeni anaona mapaa kwenye picha iliyopigwa kutoka juu. Mwenyeji ndiye anayejua mtaro upi umeziba, na maji yalifika wapi mvua iliyopita. Ramani ikaachwa wazi, yeyote aitumie bure.

Sasa tuje kwako. Mradi wa afya ukifika kijijini, usiende kwa ajili ya fulana na soda tu. Uliza: Nani amewapangia kazi hii? Sisi vijana tumeulizwa? Wakiondoka, nani ataendelea? Maana wataondoka. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao, na mashirika mengi yakafunga virago.

Kama shida yenu ni kisima kichafu na wao wameleta semina ya jambo jingine, simama useme, kwa adabu. Hata daktari hawezi kukutibu vizuri usipomwambia panapouma. Mgeni akija, mwonyeshe panapouma. Hapo ndipo mwenyeji atapona.