Shilingi ya Mafuta na Kalavati la Matimira



Kijana wa bodaboda aliyenileta kutoka Lizaboni, hapa Songea, alisimama kujaza mafuta, akalalamikia bei njia nzima. Sikumkatisha. Lakini ndani ya kila lita mna tozo ya barabara, na leo nataka tuifuate tozo hiyo inakoishia.

Tangu 1998, sheria inaielekeza kwenye Mfuko wa Barabara: walau asilimia 90 kwa matengenezo, isizidi 10 kwa maendeleo. Uzio huo uliwekwa makusudi. Barabara mpya ina utepe wa kukata. Kalavati lililozibuliwa mchanga halina, na mimi sijawahi kualikwa kwenye sherehe yake.

Sasa uje mgao wenyewe. Katika fedha za matengenezo, asilimia 70 ni za barabara kuu na za mikoa, chini ya TANROADS. Asilimia 30 zilikuwa za halmashauri, na tangu 2017 ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. TANROADS wana kilomita kama 36,000. TARURA wana zaidi ya 144,000. Pigeni hesabu: kwa mgao huo peke yake, kilomita moja ya barabara kuu hupata karibu mara tisa ya kilomita ya kijijini. Ndiyo maana 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa lita, zikaenda TARURA.

Je, mara tisa ni dhuluma? Si lazima. Malori ya makaa ya mawe ya Mbinga yanapita hapa Songea yakielekea bandari ya Mtwara. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba ukizidisha mzigo wa ekseli mara mbili, lami inaumia kama mara 16. Bajaji elfu haziiumizi lami kama lori moja lililozidisha uzito. Kwa hiyo mizani ya kupima malori nayo ni matengenezo, tena ya bei rahisi.

Fedha za maendeleo zina hesabu yake. Huko anayekopesha au kutoa msaada naye ana sauti: Songea–Namtumbo na Peramiho–Mbinga zilipata lami kwa fedha za Marekani, Namtumbo–Tunduru ilisaidiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika na Japani. Tumefaidi, tusikufuru. Ila lami ile inamsubiri mkulima kando ya barabara, haimfuati shambani.

Masika moja nilikuwa njia ya Matimira. Kalavati lilikuwa limeziba, maji yamepita juu na kula changarawe hadi kwenye udongo mwekundu. Lori la kununua mahindi liligoma kuvuka. Basi wenye mahindi wakagawa kila gunia kuwa mafungu mawili, wakayavusha kwa bodaboda, na kila fungu lililipiwa nauli yake. Mnunuzi upande wa pili hakuongeza bei hata senti. Kazi ya kuzibua lile kalavati ilikuwa ya watu wanne, majembe, na siku moja ya Novemba kabla ya mvua.