Tundu la Siri Lenye Bei

Tangu iPhone iingie sokoni mwaka 2007, vikundi vya wadukuzi vimekuwa vikivunja vizuizi vyake ili mwenye simu aweke programu aitakayo, hata kama Apple haikuiidhinisha. Mwaka 2010, Maktaba ya Bunge la Marekani ilitamka kuwa kufanya hivyo si kosa la hakimiliki. Usiri wa vikundi hivyo naukubali: tundu la usalama wanalolitumia likitajwa mapema, Apple huliziba, na jasho la miezi linapotea.

Ninachokipinga ni biashara ya matundu hayo. Septemba 2015, kampuni ya Zerodium iliahidi dola milioni 1 kwa atakayeivunja kwa mbali iOS 9, mfumo unaoendesha iPhone. Novemba ikatangaza kuwa timu moja imefaulu, bila kuitaja. Wenye simu hawakuambiwa tundu liko wapi. Hiyo ni dhuluma kwao.

Tazama tofauti tundu linapofichuliwa. Agosti 2016, Ahmed Mansoor, mtetezi wa haki za binadamu katika Falme za Kiarabu, alitumiwa ujumbe wenye kiungo. Angekibofya, simu yake ingevunjwa kimyakimya, imsikilize na kumfuatilia. Hakukibofya; akaupeleka ujumbe huo kwa watafiti wa usalama wa kidijitali wa Citizen Lab, nao wakaiarifu Apple. Mwezi huohuo matundu matatu yaliyotegemewa na kiungo hicho yakazibwa, kwa kila mwenye iPhone.